Mapatano ya Siri Hayamalizi Kesi

Mlalamishi hufika mahakamani saa mbili asubuhi, amevaa nguo zake za Jumapili, mkononi ameshika bahasha yenye fomu ya P3 na karatasi za hospitali. Nauli ameikopa. Mtoto amemwacha kwa jirani. Huketi kwenye benchi hadi adhuhuri akingoja jina lake liitwe, kisha karani humwambia, bila ubaya wowote moyoni mwake, kwamba ile faili ilikwisha juma lililopita: mshtakiwa alikiri kosa dogo, akatozwa faini, akaenda zake nyumbani. Mlalamishi hakuitwa. Hakuulizwa. Pengine alikwisha kupishana na mshtakiwa huyo sokoni akadhani ametoroka rumande.

Wasomaji wetu wanaohudumu katika kamati za haki na amani makanisani, na wale ambao kazi yao ni kuandamana na wanyonge mahakamani, watayatambua haya bila kutajiwa jina la mji. Hakuna aliyepigwa rungu. Hakuna hongo ambayo mtu anaweza kuithibitisha. Huenda kila karatasi ndani ya faili hiyo ina sahihi na muhuri wake. Hata hivyo aliyedhulumiwa amedhulumiwa mara ya pili, na safari hii ni mikononi mwa wale waliosema kwamba wanamtetea. Hili ndilo tunalotaka kulizungumzia: mapatano baina ya kiongozi wa mashtaka na mshtakiwa, yafungwayo faraghani, huku mwenye jeraha akiachwa nje ya mlango.

Tuseme mapema, asije mtu akatusingizia: mapatano yenyewe hatuyapingi. Kesi zetu huvutwa miaka na miaka. Mashahidi huhama, huzeeka, hufa. Rumande zimejaa watu ambao hatia yao haijathibitishwa. Mshtakiwa akikiri kwa hiari, akarudisha alichokichukua, akamtazama usoni yule aliyemwumiza na kusema ni mimi, hilo ni jambo la kheri, nasi tulio washiriki wa makanisa hatuwezi kuidharau toba. Wako walalamishi ambao wangeyapokea mapatano ya namna hiyo upesi kuliko kiongozi wa mashtaka mwenyewe, lau wangeulizwa. Neno zito hapo ni hilo "lau".

Sheria iliyaruhusu mapatano haya waziwazi mwaka 2008, Bunge lilipoingiza vifungu 137A hadi 137O katika Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai. Kiongozi wa mashtaka na mshtakiwa, au wakili wake, wanaweza kupatana mshtakiwa akiri kosa dogo badala ya kubwa. Wanaweza kupatana shtaka liondolewe. Wanaweza pia kupatana kwamba mashtaka mengine ambayo yangeweza kuletwa yasiletwe kamwe. Mahakama yenyewe haishiriki katika majadiliano hayo, na ni sawa isishiriki, kwa maana hakimu hawezi kuwa mchuuzi na mizani kwa wakati mmoja.

Tafadhali msomaji, itazame tena ile ruhusa ya tatu. Tuseme genge limevunja nyumba tano katika kijiji kimoja. Hati ya mashtaka imetaja nyumba mbili. Mapatano yanafungwa: washtakiwa wakiri nyumba ya kwanza, ya pili iondolewe, na zile tatu zisizungumzwe tena. Mwenye nyumba ya kwanza huenda akasikia habari. Mwenye nyumba ya nne je? Jina lake halimo popote mahakamani. Kesi yake imezikwa kabla haijazaliwa, na siku akienda kituoni na nambari yake ya OB kuuliza imefika wapi, askari wa zamu atampa jibu la adabu lisilo na kitu ndani yake. Mtu huyo ndiye tunayemhofia kuliko wote, maana hata kulalamika hajui alalamikie nini.

Je, sheria ilimsahau kabisa? La. Kifungu 137D kinamtaka kiongozi wa mashtaka azungumze kwanza na afisa aliyepeleleza kesi, azingatie uzito wa kosa na maslahi ya jamii, kisha ampe mwathiriwa au mwakilishi wake nafasi ya kusema neno lake juu ya yale yatakayoandikwa katika mapatano. Kifungu 137E kinataka mapatano yaandikwe, na mlalamishi atie sahihi ikiwa ndani yake mna amri ya fidia. Tunaliona ajabu dogo hapa. Penye fedha, sahihi ya mlalamishi yatakiwa. Pasipo fedha, inatosha apewe nafasi ya kusema, kana kwamba machozi hayana neno mpaka yapigiwe hesabu ya shilingi. Lakini tusiwe wachoyo wa sifa: waliotunga vifungu hivyo walimkumbuka mlalamishi wakati ambapo desturi ya serikali ilikuwa kumsahau.

Na desturi hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1980, huko Mombasa, baharia wa manowari ya Marekani alimuua mwanamke Mkenya. Mahakamani alikiri kosa la kuua bila kukusudia. Hukumu yake ilikuwa kutia sahihi dhamana ya shilingi 500 kwamba atakuwa na mwenendo mwema kwa miaka 2. Kisha akaondoka. Nchi nzima ilitaharuki, magazeti yakaandika, wanawake wakapaza sauti. Kesi ilisikizwa hadharani, ni kweli, lakini mwananchi wa kawaida alitazama mwisho wake akashindwa kuelewa ni mizani gani iliyotumika kupima uhai wa mwenzake ukawa shilingi 500.

Miaka ya 1990, tulipokuwa tukidai vyama vingi na katiba mpya, macho yetu wengi yalikuwa juu ya kifungu 2A. Wachache walikitazama kifungu 26 cha Katiba hiyo hiyo ya zamani, nacho kilikuwa na sumu yake. Kilimpa Mkuu wa Sheria uwezo wa kufungua mashtaka, kuyachukua mashtaka yaliyofunguliwa na mtu mwingine, na kuyasimamisha wakati wowote kabla ya hukumu, bila kupokea amri ya mtu yeyote wala kutoa hesabu kwa mtu yeyote. Aliandika karatasi moja, ambayo mawakili waliiita kwa jina lake la Kilatini, na kesi ikafa papo hapo. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ilithubutu kusema kwamba uwezo huo una mipaka, na kwamba hakimu anayeletewa karatasi hiyo anaweza kuuliza kama inatumika kuonea. Ulikuwa uamuzi wa kishujaa kwa wakati wake. Lakini karatasi ziliendelea kuandikwa. Mwaka 2005, mpigapicha wa runinga aliyesema kwamba alipigwa kofi na mke wa Rais ndani ya ofisi za gazeti jijini Nairobi alifungua mashtaka ya binafsi. Mkuu wa Sheria akayachukua na kuyazima.

Mwaka huo huo yalitokea ya Soysambu, nayo yanastahili kukumbukwa kwa utuvu, maana ni somo zima. Mwezi wa Aprili 2005, katika ranchi hiyo iliyo Nakuru, Thomas Cholmondeley wa ukoo wa Delamere alimpiga risasi na kumuua afisa wa Shirika la Huduma za Wanyamapori. Afisa huyo na wenzake walikuwa kazini, wakichunguza biashara ya nyama ya porini. Cholmondeley alisema alidhani ni majambazi na kwamba alijihami. Alishtakiwa kwa mauaji. Mwezi wa Mei, kabla kesi haijasikizwa, Mkuu wa Sheria Amos Wako aliisimamisha.

Hatudai kwamba palikuwa na mapatano ya chini ya meza. Hatuna ushahidi wa hilo, nasi hatuandiki uvumi. Tunachosema ni hiki: mjane, watoto na ndugu wa marehemu hawakuwa na mlango wowote wa kupitia ili waulize. Huenda hoja ya kujihami ilikuwa na nguvu. Huenda ushahidi ulipelea. Mahali pa kuyapima hayo ni mahakamani, mbele ya jaji, mashahidi wakiapishwa na kuhojiwa. Badala yake uamuzi ulifanywa ofisini, na jamii ya Wamaasai ikabaki na njia moja tu ya kujibu, nayo ni barabara. Waliandamana kwa hasira ambayo serikali ilishangazwa nayo. Sisi haikutushangaza. Mtu ukimnyima kizimba cha kutolea ushahidi wake, ataupeleka ushahidi huo barabarani.

Mei 2006, mwaka mmoja tu baadaye, Cholmondeley alimpiga risasi mtu mwingine katika ranchi ile ile, fundi wa mawe, naye akafa. Safari hii kesi ilisikizwa hadi mwisho. Mei 2009 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miezi 8. Wengi waliona adhabu hiyo ni nyepesi mno, na walikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini angalieni tofauti. Familia ya pili ilisikia ushahidi. Ilijua jaji alikubali nini na alikataa nini, na kwa sababu gani. Familia ya kwanza iliambiwa tu kwamba yamekwisha. Cholmondeley alifariki mwaka 2016, na swali la Aprili 2005 halikupata kuulizwa mbele ya jaji.

Katiba ya mwaka 2010 ilikuja kuponya baadhi ya majeraha haya. Mashtaka yalitolewa mikononi mwa Mkuu wa Sheria, yakapewa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ibara ya 157 inasema kwamba Mkurugenzi hawezi kuisimamisha kesi bila ruhusa ya mahakama. Ibara ya 50 ililiagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa wa uhalifu, na Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ikapatikana mwaka 2014. Kifungu chake cha 9 kinampa mwathiriwa haki ya kuwapo kesi inaposikizwa na haki ya kutoa maoni yake katika mapatano yoyote ya kukiri kosa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Joseph Lendrix Waswa iliyoanzia Bungoma, ilithibitisha kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi yeye mwenyewe au kwa wakili, ingawa hawi mwendesha mashtaka wa pili. Huo ni mwendo mrefu kutoka kwenye karatasi ya Kilatini.

Faida yake tuliiona hata pale ambapo matokeo hayakutupendeza. Novemba 2022 mahakama iliruhusu kuondolewa kwa kesi ya shilingi bilioni 7.4 iliyomhusu Rigathi Gachagua, ambaye miezi miwili kabla ya hapo alikuwa ameapishwa kuwa Naibu wa Rais. Mkurugenzi wa Mashtaka alisema ushahidi haukutosha. Kila mtu na aamini atakavyo juu ya sababu hizo. Angalau ziliombwa na kutajwa mahakamani, mbele ya waandishi wa habari, na mlipa kodi akapata kitu cha kukubali au kukikataa. Katika wizi wa mali ya umma mlipa kodi ndiye mwathiriwa, ijapokuwa yeye hana nambari ya OB.

Basi ikiwa Katiba imesema na sheria imesema, kwa nini mlalamishi wetu bado anaambiwa habari zake na karani?

Kwanza, kifungu 137D kina dirisha lililoachwa wazi. Mwathiriwa apewe nafasi ya kusema, chasema, isipokuwa pale ambapo hali hairuhusu. Hali gani? Nani anayeipima? Mtu aliyehama na hapatikani, au aliye mahututi hospitalini, hiyo ni hali tunayoielewa. Lakini simu iliyopigwa mara moja na haikushikwa nayo ni hali? Kiongozi wa mashtaka mwenye faili 60 mezani nayo ni hali? Mwamba ngoma huvutia kwake, na dirisha kama hilo litapanuliwa na kila mwenye haraka hadi liwe mlango.

Pili, vifungu hivyo vinamtaka hakimu amweleze mshtakiwa, moja baada ya nyingine, haki anazoziacha kwa kukiri, na ahakikishe kwamba amekubali kwa hiari yake na akiwa na akili timamu. Ni vyema. Havimtaki, kwa maneno yaliyo wazi namna hiyo, amgeukie kiongozi wa mashtaka na kumwuliza: mlalamishi mlizungumza naye lini, naye alisema nini? Wako mahakimu wanaouliza kwa sababu dhamiri yao inawasukuma. Haki ya mwananchi haipaswi kutegemea kama hakimu wa siku hiyo ana dhamiri au ana haraka.

Tatu, na hapa twaomba mawakili wanaotusoma watusaidie kupiga kelele: tazameni kifungu 137L. Hukumu iliyotokana na mapatano ni ya mwisho. Haikatiwi rufani ila kuhusu kiasi cha adhabu au uhalali wake. Ikiwa mapatano yalipatikana kwa ulaghai au kwa maelezo ya uongo, mahakama inaweza kuombwa iyatangue. Iombwe na nani? Kifungu chataja upande wa mashtaka, na chataja mshtakiwa. Basi. Kwa hiyo kiongozi wa mashtaka akimwambia hakimu kwamba mlalamishi ameridhika, kumbe mlalamishi hakuwahi kuulizwa, wanaopewa ruhusa ya kulalamika juu ya uongo huo ni yule aliyeusema na yule aliyenufaika nao. Wazee walisema kesi ya ngedere ukimpelekea nyani. Sisi tumeiandika katika sheria.

Yasidhaniwe kuwa ni matatizo ya nchi maskini. Marekani ina sheria ya haki za waathiriwa tangu mwaka 2004, nayo inasema waziwazi kwamba mwathiriwa ana haki ya kushauriana na mwendesha mashtaka. Mwaka 2007, huko Florida, waendesha mashtaka wa serikali kuu walitia sahihi mapatano ya siri na tajiri Jeffrey Epstein, aliyetuhumiwa kuwadhulumu kingono wasichana wengi wenye umri mdogo. Walipatana asishtakiwe katika mahakama ya serikali kuu. Mwaka 2008 akakiri makosa mawili katika mahakama ya jimbo, akakaa jela takriban miezi 13, tena huku akiruhusiwa kutoka kwenda ofisini. Mapatano hayo yaliwakinga pia watu walioshirikiana naye. Wasichana hawakuambiwa. Baada ya mapatano kutiwa sahihi, waliandikiwa barua kwamba uchunguzi ungali unaendelea na kuombwa wawe na subira.

Wawili kati yao walikwenda mahakamani mwaka 2008. Walingoja hadi Februari 2019 kusikia jaji akitamka kwamba waendesha mashtaka walivunja sheria. Furaha haikudumu. Epstein alikamatwa tena Julai 2019, akafa mahabusu mwezi uliofuata, na mwaka 2021 mahakama ya rufani ikasema kwamba kwa kuwa hakuna mashtaka yaliyofunguliwa katika mahakama ya serikali kuu, sheria ile haikuwapa wasichana hao njia ya kushtaki. Fikirini hilo. Mapatano yaliyowanyima kesi ndiyo yaliyotumiwa kuwanyima haki ya kulalamika kwamba wamenyimwa kesi. Ndiye yule mwenye nyumba ya nne, katika nchi yenye mawakili wengi.

Msomaji mmoja atasema: kwetu makosa ya kingono hayaingii katika mapatano. Kweli, kifungu 137N kinayatoa makosa yote yaliyo chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, pamoja na mauaji ya halaiki, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu. Tunawashukuru waliokiandika. Lakini mapatano yaliyofukuzwa mahakamani hukimbilia kituoni na kwa chifu. Busia mwaka 2013 msichana alibakwa na genge na kuachwa na majeraha mabaya. Washukiwa waliokamatwa waliamriwa wafyeke nyasi za kituo cha polisi, kisha wakaachiliwa. Hilo nalo lilikuwa ni mapatano, yaliyofungwa baina ya askari na washukiwa, na bei yake ilikuwa nyasi. Ilibidi watu zaidi ya milioni moja duniani watie sahihi ombi la haki ndipo kesi ikafunguliwa. Mwaka 2015 watatu walihukumiwa miaka 15 jela. Ni wasichana wangapi watakaopata sahihi milioni moja?

Kaskazini mwa nchi yetu kuna maslaha. Wazee huketi, hesabu ya mifugo hutajwa, mikono hupeanwa, na msichana mwenyewe hukaa ndani akisikiliza bei yake ikipanda na kushuka. Tunawaheshimu wazee, na katika ugomvi wa malisho au wa mpaka wa shamba hekima yao huokoa damu. Katika jambo la mtoto aliyenajisiwa hawana mamlaka hayo, na mzazi anayepokea mbuzi hao hawezi kupokea kwa niaba ya mwili usio wake. Tunasema hivi tukijua kwamba baadhi ya wanaoketi katika mabaraza hayo huketi pia katika viti vya mbele kanisani na msikitini.

Tumesikia pia hoja za viongozi wa mashtaka, na wengine ni waumini wenzetu wanaofanya kazi ngumu kwa vifaa haba. Wanasema kesi ni ya Jamhuri, si ya mtu. Kwamba mlalamishi huongozwa na kisasi. Kwamba akiingizwa katika kila jambo, mapatano hayatafika mwisho. Kesi ni ya Jamhuri, twakubali. Lakini Jamhuri haikupigwa panga. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kuhusu kisasi, sheria haimpi mlalamishi kura ya kuyavunja mapatano. Inampa nafasi ya kusema, na kiongozi wa mashtaka akiisha kumsikiliza anaweza kuamua kinyume chake, mradi aandike kwa nini. Tunachoomba ni kidogo hivyo. Na mara nyingi mlalamishi akisikilizwa hasemi lolote la kisasi. Husema: aliniibia cherehani, ndiyo iliyokuwa ikilisha watoto wangu, nairudishiwe. Au husema: mkimwachilia, mwambieni asipite njia ya nyumbani kwangu. Hayo kiongozi wa mashtaka hawezi kuyajua kwa kusoma faili.

Kwa hiyo twalitaka Bunge likirekebishe kifungu 137L, mwathiriwa atajwe miongoni mwa wale wanaoweza kuomba mapatano yatanguliwe, na kifungu 137D kiseme "hali" hizo ni zipi. Twamtaka Jaji Mkuu awaelekeze mahakimu wasipokee mapatano yoyote mpaka kiongozi wa mashtaka ameeleza mahakamani, nayo ikaandikwa katika kumbukumbu za kesi, siku aliyozungumza na mlalamishi na yale aliyoambiwa, pamoja na wale wa mashtaka yaliyoondolewa. Ikiwa mlalamishi ni mtoto, au kutajwa kwake kunamhatarisha, jina na lifichwe. Kulificha jina ni kumlinda mtu. Kuyaficha mapatano yenyewe ni kuwalinda walioyafunga, na mambo haya mawili yasichanganywe na mtu yeyote kwa makusudi.

Lakini Bunge lina mwendo wake, na kesi za juma hili zitatajwa juma hili. Kila kamati ya haki na amani, kila kikundi cha wanaharakati, kiteue watu wawili wa kuhudhuria mahakama iliyo karibu. Wasiende siku za kusikizwa tu. Waende hasa siku za kutajwa, maana ndizo siku ambazo mapatano huletwa wakati benchi za wananchi ni tupu. Na mlalamishi yeyote aliye katika usharika wenu asaidiwe, mara tu mshtakiwa anapofikishwa kortini, kuandika barua fupi kwa ofisi ya mashtaka ya mahakama hiyo. Itaje nambari ya kesi, nambari ya OB, jina lake na simu mbili anazopatikana nazo, ya pili iwe ya jirani au ya mchungaji, ili asije mtu akasema hakupatikana. Iseme kwamba anadai nafasi ya kusikilizwa kabla ya mapatano yoyote, kwa mujibu wa kifungu 137D na kifungu 9 cha Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa. Nakala ya pili ipelekwe masijala ya mahakama, iwekwe ndani ya faili mahali ambapo hakimu ataiona. Ya tatu ipigwe muhuri wa kupokelewa, naye arudi nayo nyumbani.